Sufuria Kubwa

Muuguzi alimchoma Mbaruku, fundi wa betri, sindano ya dripu mkononi.

"Itadondoka polepole hadi jioni," alimweleza. "Dawa inaikamata sumu ya madini ya risasi, yale ya betri, iliyomo mwilini, na figo zinaitoa. Kunywa maji, na mkojo wote utie kwenye dumu hili tuupime. Lakini ukirudi kwenye risasi, baba, tutakuwa tumefanya kazi bure."

Mbaruku aliitikia. Karakana alikwisha kuifunga. Kilichomsumbua ni sufuria ya mkewe. Mara tatu aliyeyushia risasi humo, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akairudisha jikoni kimyakimya.

Adhuhuri mkewe, Mwanashehe, aliingia na kapu la chakula na mfuko mweusi.

"Chakula umepikia chombo gani?" Mbaruku aliuliza hata kabla ya salamu.

"Chungu cha mama."

"Mke wangu, ile sufuria kubwa..."

"Juzi nilikuta tone la risasi limeganda chini ya ukingo. Nikawachukua watoto, tukapimwa damu sote." Alimwacha ahangaike kidogo. "Tuko salama. Ila ungesema, Mbaruku."

"Niliona haya."

Mwanashehe akaitoa sufuria mfukoni. Kitako chote kilikuwa kimetobolewa kwa msumari. "Asije mtu akaiokota akapikia."

Mbaruku aliiinua kuelekea dirishani kwa mkono usio na sindano. Mwanga ukapenya matunduni, ukatua vitone vitone juu ya shuka na magotini kwa mkewe aliyeketi kando ya kitanda.

"Kunywa maji," Mwanashehe alisema, bila kusogeza magoti.