Mgeni wa Safu ya Mbele

Mwongozaji wa filamu aliomba mara tatu kiti cha mgeni wake kiondolewe safu ya mbele. Mara ya kwanza alisingizia baridi ya kiyoyozi. Mara ya pili alisingizia kelele za spika. Mara ya tatu hakuwa na la kusingizia, akasema tu, "Mwekeni nyuma, karibu na mlango."

"Baba, leo una nini?" binti yake alimuuliza. "Mtu ametoka mbali hivyo, amepanda ndege mbili, halafu akakae mlangoni kama viatu?"

Mgeni alikuwa bibi kizee wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya kudadisi. Alikuwa amefika siku sita nyuma. Kaka yake mwongozaji alipiga simu kutoka nyumbani bila hata salamu: "Tumeshampandisha ndege. Kila mwaka wewe ni mwakani, mwakani. Haya, kampokee." Pale uwanjani, mbele ya binti yake, mwongozaji alimtambulisha kwa neno moja tu: shangazi. Bibi kizee hakuijua lugha ya nchi ile. Alitabasamu, akamshika msichana mashavu kwa mikono miwili.

Mwongozaji mwenyewe aliingia nchi ile akiwa na begi moja na kamera ya mtumba. Alifagia studio miaka miwili, akabeba nyaya miaka mitatu, akapiga picha katika harusi za watu ambao hawakumkaribisha hata maji. Kisha akatengeneza *Mazishi kwa Simu*. Ndani yake alikuwa yeye peke yake, jiko lake, picha ya mama yake ukutani, simu ya mezani, na habari kwamba mama yake yu mahututi huko nyumbani, wakati yeye hana karatasi za kumruhusu kutoka na kurudi. Simu inaita. Anapokea. Anaketi sakafuni taratibu, na kamera inamtazama bila kusogea. Basi, imekwisha.

Watu walitoka ukumbini macho mekundu. Filamu ile ndiyo iliyomfungulia milango yote. Baada yake alitengeneza nyingine kumi na nne, migodini, vitani, kwenye barafu, na vyuo vikawa vinafundisha namna anavyoiacha kamera itulie. Karatasi zake alizipata mwaka uliofuata. Nyumbani hakwenda, hata siku moja.

Leo alasiri walikuwa wanamtuza kwa kazi yote ya maisha yake.

Binti, ambaye naye alikuwa mhariri wa filamu, ndiye aliyeisafisha ile nakala ya zamani kwa ajili ya sherehe. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwita baba yake chumba cha kuhariri.

"Baba, mwishoni kuna kipande ulikikata. Simu inaita mara ya pili. Nani alipiga?"

"Mtu alikosea namba."

"Mtu amekosea namba, nawe ukapiga magoti?"

"Niliteleza."

Msichana alicheka, akaendelea na kazi. Lakini mwongozaji hakulala vizuri tangu siku ile. Kila asubuhi alijiapiza kumweleza binti yake yote, na kila jioni alijipa siku moja zaidi. Alikuwa na mtoto huyo mmoja. Alimlea kwa kumwambia kwamba kamera inaweza kukosa mwanga, inaweza kukosa filamu, lakini haipaswi kukosa ukweli. Msichana aliiamini kauli ile kama jina lake.

Sasa, kiti hakikuhamishwa. Walikaa watatu pamoja, bibi kizee katikati, na binti akainama kumnong'oneza baba yake.

"Muulize bibi, tafadhali. Yeye alikuwepo. Sijawahi kukutana na mtu aliyekuwepo. Walimzikaje mama yako?"

Mwongozaji akamgeukia mgeni na kusema kwa lugha ya kwao, "Kiti hakikuumizi?"

"Kiti kizuri, nyonga ndiyo mbovu," bibi kizee alijibu kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Na huyu mtoto mbona hali? Mwembamba kama uzi! Mwambie ale, aache kujikondesha. Mwanamume gani atamwona akisimama ubavu?"

"Anasemaje?"

"Anasema mvua ilinyesha," alijibu mwongozaji. "Anasema watu walikuja wengi sana."

Macho ya binti yalijaa machozi. Aliushika mkono wa bibi kizee, akaubusu. Mwongozaji aliangalia viatu vyake. Alijiona mdogo, mdogo kuliko siku aliyoshika ufagio wa studio.

Mshereheshaji akapanda jukwaani. "Mabibi na mabwana, kabla hatujamwita mzee wetu, nawaomba tusimame kimya kwa dakika moja, tumkumbuke mama ambaye kifo chake kilitupa filamu ile."

Taa zikapunguzwa. Kwenye pazia ikatokea picha kubwa ya msichana wa miaka ishirini hivi, amefunga kilemba, ana mtoto mgongoni. Binti ndiye aliyeitoa ndani ya filamu na kuikuza, na hakumwambia baba yake. Alitaka kumfurahisha.

Watu mia sita walisimama na kuinamisha vichwa. Bibi kizee, alipoona wenzake wamesimama, naye akajikongoja, akasimama kwa kushikilia mkono wa mwongozaji. Akatoa miwani mkobani, akaivaa, akaitazama picha kwa muda mrefu. Uso wake ukachanua.

"Si mimi huyo, nimekubeba mgongoni?" alisema, sauti yake ikisikika ukumbi mzima. "Kumbe wote hawa umewasimulia habari zangu, mwanangu!" Na akawageukia, akaanza kuwapungia mkono.