Kipimo cha Uzi

Sonara aliupima tena uzi aliopewa, akidhani mteja wake amekosea. Kidole cha mtu mzima kinawezaje kuwa chembamba kama cha mtoto?

"Ndicho hicho, cha mama watoto," alisema mteja, dereva wa lori, mtu wa miraba minne. "Siku hizi pete inampwaya, akinawa tu inachomoka."

"Haina shida. Nakata kipande, naunga, kazi imekwisha."

Msumeno ulipogusa dhahabu, dereva akamdaka mkono. "Usikate, kaka! Akipona atanenepa. Itambana."

Sonara akauweka msumeno chini. Akauchukua ule uzi wa kipimo, akaanza kuuzungusha kwenye pete, taratibu, kama anayefunga kidonda.

"Akinenepa," alisema bila kuinua macho, "utaufungua mwenyewe."