Pua ya Mzee Andendekisye

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Baba Mika, nimesema inua!"

Mzee Andendekisye aliinua ulimi. Kidonge kilikuwa kimejificha pale chini, kizima kabisa. Mkewe akashika kiuno. Sasa alielewa kwa nini jogoo wao, aliyezoea kuamsha nusu ya Rujewa, siku hizi alisinzia mpaka jua linapanda. Mzee alikuwa anatema dawa kwenye pumba za kuku.

Na wiki yenyewe ilikuwa ya Pasaka. Tangu mwanawe Mika akiwa mtoto wa kubebwa, somo la Pasaka kanisani husomwa na Mzee Andendekisye, na hakuna anachokipenda duniani kuliko kusimama pale mbele na koti lake jeusi, watu wote kimya, yeye peke yake na Neno. Tatizo ni kwamba mpunga na nyasi zikichanua, pua yake nayo haina amani. Ikitoka chafya ya kwanza, basi tena, haziishi mpaka kesho yake.

Jumapili ya Matawi hakumaliza hata mstari wa pili. Alipiga chafya mpaka miwani ikaangukia kwaya. Mchungaji alimwambia kwa upole, "Mzee wangu, ukiamka salama Pasaka, utasoma. Ukiamka na chafya, atasoma Shedrack."

Shedrack husoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Ndiyo maana asubuhi ile ya kukamatwa na kidonge mama Mika alimkokota mumewe mpaka duka la dawa la Farzana, na kumshtaki mbele ya kaunta.

"Baba, mwaka jana wewe ndiye ulikuwa mgonjwa wangu wa mfano," Farzana alisema. "Kidonge kila siku, msimu mzima, na pua kimya. Mwaka huu umepatwa na nini?"

"Kinaniletea usingizi."

"Nitakubadilishia."

"Na huwa nasahau."

"Mbona kununua husahau?"

Mzee akatazama dari. Farzana akamgeukia mkewe. "Mama, msimamie. Mzio wa aina hii haumezewi dawa siku pua inapowasha tu. Akiruka siku, tumerudi tulikotoka."

"Nitamsimamia peke yangu, nani atanisaidia? Mika yuko kazini Mbeya, na Verediana ndiyo usiseme."

Verediana, mke wa Mika, ni binti wa Iringa, lakini mila ya Kinyakyusa ameishika kuliko wenyewe. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hawatazamani, hawasemeshani, na hata mzee akikohoa makusudi ili apishwe njia, huko nako ni kumsemesha. Wenyeji siku hizi wanalegeza. Yeye ndiyo kwanza anakaza.

"Mwaka jana si walikutana uso kwa uso pale kwenye kona ya mfereji?" mama Mika alisema, akianza kucheka kabla ya kufika penyewe. "Mtoto wa watu akageuka mbio na beseni la vyombo kichwani, akatumbukia majini! Sahani zangu zimekwenda Ubaruku bila nauli!"

Wanawake wawili wakacheka mpaka Farzana akafuta machozi kwa mtandio.

"Na sasa tumbo limefika miezi ya mwisho, lakini akimwona mkwe anaruka vile vile kama swala. Nimemwambia atulie. Wapi!"

Mzee Andendekisye hakucheka. Alisema jua limekuwa kali, waondoke.

Kuanzia hapo hakupata pa kujificha. Kila asubuhi kidonge, maji, ulimi juu, ulimi chini. Alinuna, akameza. Ilipofika Jumamosi pua ilikuwa kavu na macho meupe. Akajifungia chumbani kulisoma somo kwa sauti, na sauti ikatoka nzuri, nzito, haijakwaruza popote. Mama Mika akiwa uani alisikiliza huku akipiga pasi lile koti jeusi, moyo umemjaa furaha. Alishasahau hata kumnunia kwa ajili ya jogoo.

Alasiri mzee alichukua jembe akaenda kuangalia maji shambani. Njia ni moja tu. Inafuata ukingo wa mfereji mpaka kwenye kona ya nyumba ya Mika, ambapo matete yamesimama marefu kumzidi mtu, aliye huku hamwoni aliye kule.

Hatua chache kabla ya kona alisimama. Upande wa pili maji yalikuwa yanacheza ndani ya ndoo iliyojaa, na mtu alikuwa akihema kwa kupandisha mzigo, anakuja.

Mzee alisubiri pua yake. Pua ikanyamaza. Alijikuna, akaisugua, akatazama jua. Wapi. Dawa ya Farzana ilikuwa nzuri kweli.

Akainama, akachuma konzi nzima ya nyasi zilizochanua, akazizika puani na kuvuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Chafya ya kwanza iliwarusha yangeyange kutoka mpungani. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Nyuma ya matete, ndoo ilitua chini taratibu, na miguu mizito ikaingia migombani bila haraka.