Nungunungu na Pasi za Jalalani

Nungunungu aliuza pasi za umeme zilizotumika. Kila pasi aliikagua, na yenye hitilafu aliutafuna waya wake ukakatika, kisha akaitupa jalalani ili mtu asije akaiwasha ikampiga shoti.

"Unakula mtaji wako," Kicheche alimcheka. Yeye aliziokota pasi hizo, akaunga nyaya kwa solotepu, akazing'arisha na kuziuza kwa nusu ya bei. Wateja wote wakahamia kwake.

Desturi ya soko lile ilikuwa muuzaji awashe kifaa mbele ya mnunuzi na akishike yeye kwanza. Lakini kila siku Kicheche alidai kwamba kibandani kwake umeme umekatika.

Siku mteja mmoja, Mama Kima, alipofika kwa Kicheche kununua pasi, Nungunungu alivuta waya mrefu kutoka kibandani kwake mpaka kwa Kicheche.

"Jirani, tumia wangu."

Kicheche aliitazama soketi, akaficha mikono mgongoni. "Shika wewe kwanza, Mama Kima."

Mama Kima akavuka kwenda kwa Nungunungu, na foleni nzima ikamfuata.

Jioni, pasi zake zote zilipokwisha kununuliwa, Nungunungu aliingia kwa Kicheche na kuzitafuna tena nyaya zote za zile pasi mbovu, huku soko likimpigia makofi.