Buibui Aliyeijua Asili ya Wadudu

Haya nimeyapata kwa Nzi, na Nzi hapiti pahali akaondoka bila neno.

Buibui alikuwa mtafiti. Miaka nenda miaka rudi alikaa kwenye utando wake akiwachunguza wadudu, na walipotimia mia moja akatangaza: “Asili ya mdudu ni ugomvi. Wote niliowaona walirusha mateke na kutukana. Hakuna amsaidiaye mwenzake.” Wadudu wakaamini, maana alisema kwa tarakimu.

Siku moja mvua ikauchana utando, Buibui akatumbukia dimbwini. Sisimizi waliokuwa wakipita na mzigo wao wakamnyooshea unyasi.

“Shika, mzee!”

“Sishiki, washenzi nyie! Mnanivuta mnile. Nimechunguza mia moja, hamnidanganyi.”

“Hao mia uliwachunguzia wapi?” akauliza Bibi Sisimizi.

“Kwenye utando wangu.”

“Wewe baba wewe! Unamnasa mtu miguu yote, unamkodolea macho na njaa yako, halafu unashangaa hana adabu? Hebu jitazame mwenyewe humo majini.”

Buibui akajitazama. Miguu yote minane ilikuwa ikirusha mateke, na tusi jingine lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza, akaushika unyasi. Wakamvuta, wakajitwika mzigo wao, wakaenda zao.

Utando ameshausuka upya, maana tumbo halishibi elimu. Lakini siku hizi ukimwuliza asili ya mdudu, atakuuliza kwanza: “Akiwa wapi?”