Meno Sitini ya Mzee Mamba

Mzee Mamba aliwakusanya vijana wote wa mbugani ili awape nasaha za afya ya meno. Macho yake yakatua kwa Ngiri, binti wa upande wa makorongo, aliyekuja na shavu limevimba.

"Wewe, unapiga mswaki kweli?"

"Shikamoo, mzee. Napiga kwa kijiti, ila kwetu hakuna daktari wa meno. Jino likioza, tunangoja ling'oke lenyewe."

"Visingizio! Huo ni uvivu tu," akafoka Mamba. "Mimi nina meno sitini, na hakuna hata moja lenye tundu. Ni juhudi zangu mwenyewe!"

"Basi tunaomba utuonyeshe, mzee, nasi tujifunze."

Mamba akaachama kwa madaha. Huko ndani, kwenye magego, ndege mdogo alikuwa anachokonoa mabaki ya nyama.

"Samahani, bosi," akasema yule ndege, "umeanza hotuba kabla sijamaliza. Bado upande wa kushoto."

Vijana wakavunjika mbavu. Ngiri naye akacheka, huku ameshika shavu. Kwa aibu, Mamba akamfukuza ndege kazi papo hapo.

Baada ya miezi miwili Mamba akaitisha mkutano mwingine. Safari hii shavu lake lilikuwa limevimba kuliko la Ngiri, na kila neno alilitoa kwa kuugulia. Ngiri akamsogelea kwa adabu zote.

"Pole sana, mzee," akasema. "Huu uvivu umekuanza lini?"