Ada ya Usingizi

Somoe alisinzia na mwiko mkononi, uji ukaungua. Hakushangaa. Kama wabanguaji wote wa kiwanda cha korosho, alikuwa akikatwa ada ya chama cha wafanyakazi: saa mbili za usingizi kila siku, zilizohamishiwa kwa wajumbe watatu waliokuwa wakijadiliana na mwajiri kuhusu mkataba. Mwajiri alikuwa ameweka mashine mezani ijadiliane kwa niaba yake, nayo haichoki wala haiahirishi kikao. Mjumbe akilala, kifungu cha mkataba kinapita jinsi mashine inavyotaka. Kwa hiyo wanachama walilala kidogo ili wajumbe wasihitaji kulala kabisa. Huu ulikuwa mwaka wa tisa wa majadiliano.

Asubuhi hiyo Chilumba, katibu wa tawi la chama, alibisha hodi akiwa na kishikwambi.

"Dada Somoe, tunaomba saa moja zaidi."

"Nimeshaungua vidole mara tatu mwezi huu, kaka. Mafuta ya maganda hayamsubiri mtu anayesinzia."

"Najua. Lakini tukiacha leo, mashine itapitisha vyote inavyotaka."

Fatu, binti wa Somoe ambaye angeanza kazi kiwandani Jumatatu, alikuwa akikwangua sufuria. Akafuta mikono.

"Nikateni mimi, mama apumzike."

"Wewe utakatwa ya kwako," Chilumba alisema kwa upole. "Kila mmoja na yake."

Somoe akauliza, "Mmefika kifungu cha ngapi?"

"Bado tuko cha kwanza."

"Kinahusu nini?"

Chilumba akatazama sakafu. "Muda wa mapumziko."

Somoe akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha kishikwambi kukubali, kisha akampisha Fatu naye abonyeze.